Kisiwa cha Eigg: Wageni Huja Kutazama, Wenyeji Ndio Wenye Ardhi



Katika somo letu la leo tutasafiri mbali sana, mpaka kwenye kisiwa kidogo cha baridi na upepo. Kisiwa hicho kinaitwa Eigg. Wakazi wake ni zaidi kidogo ya mia moja tu. Hata hivyo, kila mwaka maelfu ya wageni huvuka bahari kwenda kukitazama.

Huenda utajiuliza, "Wageni hao wanafuata nini kwenye kisiwa kisicho na mji, kisicho na hoteli kubwa, na chenye mvua nyingi?" Swali zuri. Hebu tusome polepole, tuone wanafuata nini. Mwisho wa somo tutajiuliza swali jingine kubwa zaidi: ni nani anayefaidika mgeni anapofika?

1. EIGG IKO WAPI?

Uskochi ni sehemu ya kaskazini ya Uingereza. Upande wake wa magharibi kuna visiwa vingi, vikubwa na vidogo. Eigg ni kimoja cha vile vidogo. Urefu wake ni kama kilometa 9, na upana wake ni kama kilometa 5. Mtu mwenye miguu mizuri anaweza kukivuka kisiwa kwa saa mbili au tatu tu.

Watu wa huko zamani walisema Kigaeli, lugha ya asili ya sehemu hizo. Ndiyo maana majina mengi ya milima, pwani na vijiji mpaka leo ni ya Kigaeli. Siku hizi wengi husema Kiingereza.

Hali ya hewa ni ya namna yake. Mwezi wa Juni, saa nne usiku jua bado linaonekana. Lakini mwezi wa Desemba jua huchomoza kama saa tatu asubuhi, na kabla ya saa kumi jioni limekwisha kuzama. Kwa hiyo wageni wengi huja wakati wa kiangazi chao, yaani kuanzia Mei mpaka Septemba. Lakini wakati huo nao una adui yake. Ni usubi! Wadudu hao wadogo huuma kweli kweli jioni upepo ukitulia.

2. JINSI YA KUFIKA

Mgeni hupanda feri katika bandari ya Mallaig. Safari huchukua zaidi kidogo ya saa moja kama feri inakwenda moja kwa moja. Wakati wa kiangazi ipo pia boti ndogo ya abiria inayotoka Arisaig. Njiani, mtu mwenye bahati huweza kuona nyangumi, pomboo na ndege wengi wa baharini.

Zamani feri haikuweza kufika ufukweni. Ilisimama mbali kidogo, halafu watu, mizigo na hata mifugo walishushwa katika boti ndogo na kupelekwa nchi kavu. Bahari ikichafuka, hakuna anayeshuka. Gati jipya lilikamilika mwaka 2004, na taabu hiyo ikapungua. Haikwisha kabisa, kwa sababu dhoruba ikiwa kali feri haiji. Mgeni aliyepanga kukaa siku mbili anaweza kujikuta amekaa nne.

Jambo moja huwashangaza wageni wengi. Hawaruhusiwi kuja na magari yao. Barabara ni moja tu, nyembamba. Mgeni hutembea kwa miguu, hukodi baiskeli, au hupanda teksi ya mkazi wa hapo. Je, unaona faida yake? Barabara haiharibiki, kondoo hawagongwi, na fedha ya usafiri inabaki kisiwani.

3. WAGENI HUTAZAMA NINI?

(a) Jabali la An Sgùrr

Ukifika gatini, kitu cha kwanza kukiona ni jabali kubwa lililosimama kama ukuta. Jina lake An Sgùrr. Kilele chake kina urefu wa mita 393 juu ya usawa wa bahari. Si mlima mrefu sana, lakini kuta zake zinatisha. Kuna njia ya nyuma inayopandika bila kamba. Kwenda na kurudi kutoka gatini huchukua kama saa tatu hadi nne.

Wataalamu wa mawe wanasema jabali hilo lina umri wa miaka kama milioni 58. Wakati huo palikuwa na volkano. Mawe ya moto yaliyoyeyuka yalijaza bonde, yakapoa, yakawa jiwe gumu jeusi linalong'aa kama lami. Miaka ikapita. Mvua, upepo na barafu vikala udongo na mawe laini ya kandokando. Lile jiwe gumu likabaki. Kumbe basi, mahali palipokuwa bonde ndipo penye kilele leo!

(b) Mchanga unaoimba

Upande wa magharibi kuna pwani yenye mchanga mweupe. Siku ya jua, mchanga ukiwa mkavu, ukitembea juu yake unatoa sauti: kwii, kwii, kwii. Watu huuita mchanga unaoimba. Watoto hupapenda sana, na watu wazima pia, ingawa wao huona haya kucheza mbele za watu.

Si uchawi. Punje za mchanga huo ni za jiwe gumu liitwalo kwatzi, nazo zimesuguliwa na bahari mpaka zikawa za mviringo na za ukubwa unaokaribiana. Zikikandamizwa zinasuguana, ndipo sauti inapotoka. Mchanga ukilowa, unanyamaza.

Karibu na hapo iko ghuba ya Laig. Mtu akisimama hapo jioni huona milima ya kisiwa jirani cha Rum ng'ambo ya maji. Wachoraji na wapiga picha wengi huja kwa ajili ya hapo tu.

(c) Mifupa ya kale

Mwaka 1844 mtaalamu mmoja wa mawe, Hugh Miller, alikuta Eigg mifupa iliyogeuka jiwe. Ilikuwa ya mnyama mkubwa wa baharini mwenye shingo ndefu, aliyeishi zamani kabla binadamu hajakuwapo duniani. Mwaka 2017 mtaalamu mwingine alikuta hapo mfupa wa dinosau. Tangu Hugh Miller mpaka siku hiyo ni zaidi ya miaka 170. Mawe ni yale yale, pwani ni ile ile, ila watu walipita wasione. Anayejua kutazama huona mengi.

(d) Pango la maafa

Sasa tufike mahali pa huzuni. Si mbali na gati liko pango. Mlango wake ni mdogo, mtu huingia kwa kutambaa. Ndani ni kubwa.

Masimulizi ya huko yanasema hivi. Mwaka 1577 kulikuwa na uadui kati ya ukoo wa MacDonald, walioishi Eigg, na ukoo wa MacLeod wa kisiwa cha Skye. Watu wa MacLeod walikuja na mashua kulipa kisasi. Wenyeji walipowaona, wote walikimbilia pangoni: wanaume, wanawake, wazee na watoto. Maadui walitafuta siku kadhaa wasiwapate. Walipokuwa wanaondoka, mtu mmoja alitoka pangoni kuchungulia. Theluji ilikuwa imeanguka, na nyayo zake zikawaonyesha njia. Maadui wakarundika majani na vichaka mlangoni, wakawasha moto. Moshi ukaingia ndani. Inasemekana walikufa watu 395, karibu kisiwa kizima.

Mwaka 2016 wageni walikuta mifupa ya binadamu ndani ya pango hilo. Wataalamu waliipima, wakaona ni ya karne zile zile zinazotajwa katika masimulizi. Kwa hiyo, mgeni anayeingia pale aelewe kwamba anaingia kaburini. Hapiganii picha wala hapigi kelele. Akiona mfupa hauchukui, hutoa taarifa.

(e) Mahame ya Grulin

Chini ya An Sgùrr, upande wa kusini, kuna kuta za mawe zisizo na paa. Hicho kilikuwa kijiji cha Grulin. Mwaka 1853 familia zake 14 zilitolewa, na mashamba yao yakafanywa malisho ya kondoo ya mtu mmoja. Wengi walipanda meli kwenda Kanada, wasirudi tena.

Mtu atauliza, "Kwa nini hawakukataa?" Jibu ni fupi. Ardhi haikuwa yao. Walikuwa wapangaji tu. Mwenye kisiwa alitaka kodi ya kondoo, na kondoo hawahitaji majirani.

Ukiisha kuona Grulin, ndipo utaelewa habari inayofuata, ambayo ndiyo kiini cha somo letu.

4. KISIWA KINANUNULIWA NA WAKAZI WAKE

Kwa miaka mingi Eigg ilikuwa mali ya mtu mmoja. Akichoka nayo, anaiuza kama mtu anavyouza ng'ombe. Iliuzwa mwaka 1975. Iliuzwa tena mwaka 1995. Kila mara wakazi walikaa wakisubiri kujua bwana mpya ni nani, na ana mawazo gani.

Tatizo lilikuwa hili. Wengi wao hawakuwa na mikataba ya kudumu ya nyumba na mashamba. Nani atatengeneza paa la nyumba ambayo anaweza kuambiwa aihame? Nani atajenga nyumba ya wageni juu ya ardhi ya mwenzake? Kwa hiyo watu waliogopa kutengeneza, nyumba zikachakaa, vijana wakahama. Wageni walikuwapo hata wakati ule, na jabali lilikuwa pale pale. Lakini mwenyeji hakuwa na cha kumuuzia mgeni, wala mahali pake pa kumlaza.

Wakazi wakaamua kukinunua kisiwa wenyewe. Walikuwa watu kama 65 tu, wala si matajiri! Waliungana na halmashauri ya jimbo lao na chama cha kuhifadhi wanyama pori, wakaunda shirika moja. Kisha wakaomba michango. Walieleza habari zao kwenye magazeti na redio. Maelfu ya watu wasiowajua kabisa wakawatumia fedha, mmoja kidogo, mwingine zaidi. Mwanamke mmoja alitoa sehemu kubwa sana ya fedha hizo, akakataa jina lake lisitajwe.

Mara ya kwanza walitoa bei, wakakataliwa. Hawakukata tamaa. Mwenye kisiwa wa wakati ule alishindwa kulipa mkopo, waliomkopesha wakakiuza, na bei ya wakazi ikakubaliwa. Tarehe 12 Juni 1997 Eigg ikawa mali ya shirika lao, kwa paundi za Uingereza milioni moja na nusu. Mpaka leo, kila mwezi wa Juni wanakumbuka siku hiyo kwa muziki na ngoma mpaka asubuhi. Na mgeni aliyepo anakaribishwa kucheza.

Miongoni mwa kazi zao za kwanza ilikuwa kujenga nyumba moja karibu na gati, yenye duka na mkahawa. Wakatoa mikataba ya muda mrefu. Watu wakaanza kutengeneza nyumba na kujenga mpya. Baadhi ya vijana waliohama wakarudi, na watu wengine wakahamia. Kutoka watu kama 65, sasa ni zaidi ya mia moja.

5. UMEME WA KUGAWANA

Kisiwa kiko mbali mno na nyaya za umeme za bara. Zamani kila nyumba ilikuwa na jenereta yake. Mafuta yalikuwa ghali, kelele ilikuwa nyingi, na usiku watu walizima.

Mwezi Februari 2008 wakazi waliwasha umeme wao wenyewe. Unatoka katika vitu vitatu: maji ya vijito yanayoporomoka kutoka mlimani, upepo na jua. Wakati wa baridi mvua na upepo ni vingi; wakati wa kiangazi jua huangaza muda mrefu. Kimoja kikipungua, kingine hujazia. Umeme unaozidi huwekwa katika betri kubwa. Vyote vikishindwa, jenereta ya mafuta huwashwa, lakini sehemu kubwa ya umeme wao haihitaji mafuta. Wanaoutunza mtambo ni wakazi waliofundishwa kazi hiyo.

Lakini sikiliza kanuni yao. Kila nyumba inaruhusiwa kutumia kilowati 5 tu kwa wakati mmoja, na mahali pa biashara kilowati 10. Maana yake ni kwamba birika la umeme na mashine ya kufulia vikiwashwa pamoja, umekaribia mwisho. Ukizidisha, umeme wa nyumba yako unakatika, na lazima mtu wa zamu aje kuurudisha, nawe unalipa. Hakuna cha tajiri wala maskini. Mgeni aliyekodi nyumba naye hufuata kanuni hiyo hiyo. Mwanzoni hulalamika. Siku ya pili amezoea: anachemsha chai kwanza, kufua baadaye.

Siku hizi watu wa nchi mbalimbali huja Eigg si kwa ajili ya jabali wala mchanga, bali kwa ajili ya kuona umeme huo unavyoendeshwa. Jambo walilolifanya kwa shida zao wenyewe limekuwa kivutio cha wageni.

6. FAIDA NA TAABU

Tusidanganyane kwamba Eigg ni peponi. Taabu zipo. Shule ni ya msingi tu, hivyo watoto wakubwa huenda kusoma Mallaig na kulala huko. Mgonjwa mahututi huchukuliwa kwa helikopta au boti. Mtu mmoja hufanya kazi tatu au nne: asubuhi anachunga kondoo, mchana anapokea mizigo ya feri, jioni anahudhuria mkutano. Mikutano ni mingi! Kujitawala kuna maneno mengi, na katika kijiji kidogo ukigombana na mtu leo, kesho utamkuta dukani.

Wageni nao ni faida na mzigo. Wanaleta fedha, lakini wanahitaji maji, umeme na mahali pa kulala. Nyumba ikigeuzwa yote kuwa ya wageni, kijana wa hapo ataishi wapi? Hilo ni swali linalosumbua visiwa vingi vya Uskochi. Eigg ina nafuu moja: ardhi ni ya wote, kwa hiyo swali hilo linajadiliwa na wakazi wenyewe, si na mtu aliye mbali.

Kwa mgeni, kanuni ni chache. Funga geti ulilolikuta limefungwa, kondoo wasitoke. Mbwa wako mfunge kamba. Vaa viatu vigumu, chukua koti la mvua hata kama jua linawaka. Takataka zako rudi nazo. Nunua dukani kwao, usije na kila kitu kutoka bara.

7. TUMEJIFUNZA NINI?

Jabali la An Sgùrr lilikuwapo kabla ya mtu yeyote. Mchanga uliimba hata wakati watu wa Grulin wanapandishwa melini. Uzuri wa nchi peke yake haukuwasaidia wakazi. Kilichowasaidia ni kupata haki ya kukaa bila hofu, halafu kuketi pamoja, kuchanga, kugawana na kulinda. Mgeni akija leo, anakuta mwenyeji mwenye nyumba yake, anayemkaribisha kwa hiari yake.

Waswahili husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini ili mwenyeji apone, lazima kwanza awe mwenyeji kweli.

MANENO YA KUKUMBUKA

Gati: mahali pa kutia nanga na kushusha watu na mizigo.
Mpangaji: mtu anayekaa katika nyumba au shamba la mwingine kwa kulipa kodi.
Mahame: mahali palipokuwa na watu, sasa pametupwa.
Kilowati: kipimo cha nguvu ya umeme inayotumika kwa wakati mmoja.
Kivutio: kitu kinachowafanya watu watake kuja kukitazama.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini wageni hawaruhusiwi kwenda Eigg na magari yao? Taja faida mbili.
2. Kwa nini wakazi waliogopa kutengeneza nyumba zao kabla ya mwaka 1997?
3. Eleza jinsi mchanga unavyotoa sauti. Kwa nini ukilowa haulii?
4. Familia za Grulin zilitolewa mwaka 1853. Wakazi walinunua kisiwa mwaka 1997. Ni miaka mingapi imepita katikati? Piga hesabu.
5. Je, ni haki kumwekea kila mtu kiasi kile kile cha umeme, hata mwenye fedha nyingi? Wewe na wenzako mna maoni gani?

Ukimaliza kujibu, msomee somo hili mtu wa nyumbani kwako ambaye hajasoma. Kisha mwulize: kama angekwenda Eigg, angetaka kuona nini kwanza?